HOTUBA YA IJUMAA: Batri, Televizio na Telefoni Zilizokufa, na Haki ya Jirani

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa ardhi tukae juu yake, akatupa maji tunywe na hewa tuvute bila kulipa hata franka moja. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila anayewafuata kwa wema mpaka siku ya malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu Waislamu, wazee wetu, mama zetu mlio upande wa nyuma, na ninyi vijana ambao ndio hasa ninawatafuta leo: naiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninyi, kumcha Mwenyezi Mungu.

Labda kuna atakayesema akitoka hapa, Imamu leo ameacha dini, anatuhubiria mambo ya garaji. Ndugu yangu, ngoja kwanza. Mtume wetu (s.a.w.) alifundisha kwamba kuondoa kitu chenye kuudhi njiani ni sehemu ya imani. Kama mwiba njiani ni jambo la imani, basi sumu iliyomwagwa mbele ya mlango, pale mtoto anapotambaa, itakuwa jambo la nini?

Nitawapa habari ya mahali pamoja, nchi ya Senegal, nchi ambayo Waislamu ndio wengi sana. Pembeni ya mji wa Dakar kuna kitongoji kinachoitwa Thiaroye-sur-Mer. Watu wa hapo kwa miaka walikuwa wakifanya kazi ya kuvunja batri za gari zilizokufa. Unapasua sanduku, unamwaga maji makali, unatoa vipande vya ndani, unayeyusha. Kinachotafutwa ni risasi. Sisemi risasi ya bunduki, ndugu zangu, hiyo tumeisikia ya kutosha katika nchi hii. Nasema yale madini laini ya rangi ya kijivu, mazito, ambayo wenye kusoma Kifaransa wanaita plomb. Kisha bei ya risasi ikapanda duniani, wanunuzi wakaja kuitafuta, na watu wakatambua kwamba hata mchanga wa pale walipokuwa wakivunja batri miaka ile yote umejaa risasi. Wakaanza kuuchimba. Akina mama wakaupepeta kwa chekeche kama tunavyochekecha unga wa muhogo, magunia yakawekwa ndani ya nyumba. Watoto walikuwa pale pale, mgongoni mwa mama au wamekaa chini wanacheza.

Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 wa hapo walikufa. Walikufa kwa ugonjwa wa ubongo uliokwenda haraka, na mwanzoni sababu yake haikujulikana. Wataalamu walipokuja wakapima watu 81 wa kitongoji hicho, na hakuna hata mmoja aliyekutwa salama. Wote 81 walikuwa na sumu ya risasi mwilini. Kwa watoto 50 waliopimwa damu, yule mwenye kidogo kabisa alikuwa na maikrogramu karibu 40 katika kila desilita ya damu, na mwenye nyingi kabisa alikuwa na 613. Leo Shirika la Afya Duniani linasema mtoto akifika 5 tu, ni lazima itafutwe inapotoka sumu hiyo na iondolewe. Nao mchanga wa nje ulipopimwa, mahali pengine kilo moja ya mchanga ilikuwa na gramu 302 za risasi. Karibu sehemu moja kwa tatu! Huo si mchanga tena.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, wale akina mama hawakuwa waovu. Walikuwa wakitafuta unga na mafuta ya siku ile, kama mama zetu wanavyoamka alfajiri kwenda sokoni. Wala mimi siwahukumu. Lakini hukumu ya Mwenyezi Mungu ni jambo moja, na kazi ya sumu ni jambo lingine. Sumu haiulizi nia yako. Ndiyo maana katika Surat al-Baqara, aya ya 195, tumekatazwa kujitupa kwa mikono yetu wenyewe katika maangamizi. Na sasa habari ya Thiaroye tumeisikia. Asiyejua ana udhuru. Aliyejua udhuru wake umekwisha.

Basi tujue kazi ya risasi hii katika mwili wa binadamu. Inaingia kwa mdomo na kwa pumzi. Vumbi lake linakaa juu ya mikono, juu ya nguo, juu ya mkeka. Mtoto mdogo akitia kidole mdomoni, tumbo lake linafyonza risasi mara nne au tano kuliko tumbo la mtu mzima. Ikifika ndani inakwenda kwenye damu na ubongo, kisha inajificha ndani ya mifupa na meno kwa miaka mingi. Mtoto anaumwa tumbo, anakosa damu, anakuwa mzito wa kushika masomo, ana hasira isiyo na sababu. Mwalimu anampiga, baba anasema mtoto huyu amelogwa, tunatafuta wa kumwandikia kombe, kumbe kitu kiko nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, pale kaka yake anapovunja batri. Ikizidi sana anashikwa na degedege na kufa. Na kilichoharibika katika ubongo wa mtoto hakirudi. Mama mwenye mimba akiwa nayo mwilini, inampita yeye na kumfikia aliye tumboni, na mimba inaweza kutoka. Na wale wanaosema ukinywa maziwa baada ya kazi sumu inatoka, wasidanganyike. Maziwa ni neema, lakini hayatoi risasi mwilini. Hiyo ni kazi ya daktari, nayo ni ngumu, na haina faida kubwa kama mtoto atarudishwa kwenye uwanja ule ule.

Sasa tuje kwetu. Hapa Kindu umeme tunaujua habari zake. Kila mwenye uwezo kidogo amenunua sahani ya jua na batri, ili apate taa, asikilize radio, awachajie watu telefoni. Ni jambo zuri, watoto wanasoma usiku, misikiti inaadhini kwa vipaza sauti. Lakini batri hizi haziishi milele. Miaka miwili, mitatu, imekufa. Na batri ya gari moja, hata ile ndogo, sehemu kubwa ya uzito wake ni risasi. Zinakwenda wapi? Tazameni wenyewe. Nyingine iko pembeni ya kisima. Nyingine imepasuliwa na maji yake makali yamemwagwa mfereji unaoshuka Lualaba. Nyingine imeyeyushwa juu ya jiko la makaa ili kupata vipande vya kuzamisha nyavu, na jioni jiko lile lile linapikiwa fufu. Hata masufuria yanayosubiwa kwa vyuma vikuukuu, mitraille kama tunavyosema, yana jambo lake: fundi akichanganya kila alichookota, risasi inaweza kuingia ndani ya sufuria, na kutoka sufuria inaingia ndani ya sombe. Yamepimwa masufuria ya namna hiyo katika nchi mbalimbali za Afrika, na risasi ikakutwa.

Na si batri tu. Zile televizio za zamani zenye mgongo mkubwa, kioo chake kina risasi. Taa ndefu nyeupe za mrija zina zebaki. Nyaya za umeme zimevikwa plastiki, na plastiki ile ikichomwa inatoa moshi wenye sumu ambazo wataalamu wanaziita dioksini, zinaleta saratani na kuharibu kinga ya mwili. Sumu hizo hazipotei pamoja na moshi. Zinashuka kwenye udongo, kuku anadonoa, zinaingia katika yai.

Sisemi kwa kukisia. Katika mji wa Accra, nchi ya Ghana, palikuwa na uwanja mkubwa wa vyuma na mashine zilizokufa, unaitwa Agbogbloshie, kando ya mto Odaw. Maelfu ya vijana walifanya kazi hapo, wengi wao Waislamu waliotoka kaskazini ya nchi ile kutafuta riziki. Ni ndugu zenu, wanaswali kama ninyi. Walichoma nyaya mchana kutwa ili wapate shaba. Mwaka 2019 yalipimwa mayai ya kuku waliokuwa wakijitafutia chakula hapo, na ikaonekana kwamba mtu akila yai moja tu, amepita mara 220 kiasi cha dioksini ambacho wakuu wa usalama wa chakula wa Ulaya wanakiruhusu kwa siku. Julai 2021 serikali ilivunja uwanja ule. Je, kazi ilikwisha? Ilitawanyika tu, ikaenda kwenye mitaa ya jirani. Njaa haivunjwi kwa tingatinga.

Wanachuoni wetu wa zamani walilijua jambo la moshi. Katika vitabu vya fikihi waliandika juu ya mtu anayetaka kujenga hamamu au tanuri la mikate katikati ya nyumba za watu, moshi ukawaudhi majirani, na wakajadiliana kama ana haki ya kuzuiwa hata kama kiwanja ni chake. Huo ulikuwa moshi wa kuni na mikate! Wangesema nini juu ya moshi wa nyaya? Mtume (s.a.w.) ameapa kwamba hana imani yule ambaye jirani yake hana amani na shari zake. Na amekataza mtu kudhuru na kudhuriana. Maneno hayo machache wanachuoni wamejenga juu yake mlango mzima wa sheria.

Nami naona ni wajibu kusema neno juu ya wale wanaotuletea. Mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vyombo vya umeme, na katika hizo ni sehemu 22 tu katika kila mia zilizothibitika kuwa zimekusanywa na kutengenezwa upya kwa njia iliyo salama. Katika Afrika yetu haifiki hata moja kwa mia. Sehemu ya mali hiyo inavuka bahari na jina zuri: okazio. Kontena linafunguliwa, ordinateri zilizo mbele zinawaka, zilizo nyuma zimekufa zamani. Tunakumbuka Mtume (s.a.w.) alivyopita sokoni akakuta lundo la chakula, akatia mkono ndani, vidole vikakuta maji. Akamuuliza mwenye mali kwa nini kilicholowa hakukiweka juu watu wakakiona, kisha akatamka kwamba mwenye kudanganya si katika yeye. Kontena hilo ni lundo lile lile. Anayejua kwamba friji imekufa, akaiuza kama ni okazio nzima, amekula haramu, awe anakaa Ulaya au awe Muislamu mwenye duka hapa mtaani, mwenye tasbihi mkononi.

Mataifa yameandikiana mikataba. Kuna ule wa Basel wa mwaka 1989, na nchi yetu imo. Waafrika nao, baada ya sumu za Italia kutupwa Koko, nchi ya Nigeria, waliandika wao wenyewe mkataba wa Bamako mwaka 1991, unaokataza kabisa sumu za nje kuingizwa Afrika. Na tangu tarehe 1 Januari 2025, chini ya mkataba wa Basel, takataka yoyote ya vyombo vya umeme haitakiwi kuvuka mpaka bila nchi inayopokea kupewa habari na kukubali. Ni vizuri. Lakini karatasi haisimami bandarini.

Kuna linalouma zaidi kwa sisi watu wa Maniema. Bati linalounganisha vipande vidogo ndani ya telefoni, bati la namna hiyo linachimbwa Kalima na Punia. Koltani inatoka hapa na Kivu. Kobalti ya batri za telefoni inatoka Kolwezi. Vijana wetu wanaingia shimoni kuitoa, inapakiwa ndege na magari, inakwenda mbali, inarudi ikiwa telefoni ya bei ambayo mchimbaji haiwezi, kisha ikifa inabaki hapa. Tunakula vumbi lake ikitoka na tunakula moshi wake ikirudi. Katika Surat ar-Rum, aya ya 41, tumeambiwa kwamba ufisadi umedhihiri barani na baharini kwa sababu ya yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Mikono ya nani? Ya wakubwa, ndiyo. Na yetu pia. Kijana mwenye telefoni nzima inayopiga na kupokea, anaiacha kwa sababu mwenzake ana mpya yenye kioo kikubwa, huo ni ubadhirifu, na Qur'ani imewaita wabadhirifu ndugu za mashetani.

Tena msiseme kwamba mnyonge hana la kufanya. Pale Mombasa, Kenya, katika mtaa wa Owino Uhuru, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha batri ukuta kwa ukuta na nyumba za maskini. Mama mmoja aliyefanya kazi hapo, Phyllis Omido, mtoto wake mchanga akaugua, akapimwa, akakutwa na risasi. Alitafuta haki, akakamatwa, akatishwa, hakuacha. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Julai 2020 mahakama iliamuru watu wa mtaa ule walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Uamuzi huo ulitenguliwa katika rufani, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu kabisa ikaurudisha. Miaka yote hiyo, na waliokufa wameshakufa.

Nasema haya, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na kwa ajili yenu.

(Hotuba ya pili)

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Ndugu zangu, Mtume (s.a.w.) alitupigia mfano wa watu ndani ya merikebu. Wengine wamekaa juu, wengine chini. Wa chini wakitaka maji inabidi wapite kwa wa juu, wakasema bora tutoboe tundu katika sehemu yetu, tusiwasumbue wenzetu. Wakiachwa, wote wanazama. Wakishikwa mikono, wote wanaokoka. Tazameni: waliotaka kutoboa hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa na kiu. Na ninyi mlio juu, wenye maduka na mishahara, kabla ya kumshika mkono kijana wa mitraille ulizeni kama amekula. Kumwambia acha, halafu ukaenda zako, hukumwokoa, umemwongezea njaa.

Kwa hiyo sisemi kazi ya vyuma vikuukuu ni haramu. Kukusanya kilichotupwa na kukirudisha katika matumizi ni kazi ya halali na ina heshima. Haramu ni kumdhuru mtu. Batri iliyokufa usiipasue, usimwage maji yake. Iuze nzima, na maji yake ndani, kwa anayezikusanya kuzipeleka kiwandani; bei itapungua kidogo, mtoto wako atabaki na akili yake. Waya usiuchome, uchune kwa kisu. Shaba iliyochunwa ikabaki safi inauzika vizuri kuliko ile iliyoungua, na kule Accra tangu mwaka 2014 waliletewa mashine za kuchuna kwa ajili hiyo hiyo, ingawa wengi walirudia moto kwa sababu moto ni mwepesi. Mnunuzi Muislamu asinunue shaba nyeusi ya moto. Akikataa yeye na mwenzake, moto utazimika wenyewe. Anayefanya kazi hii asiifanye uwanjani pa nyumba. Avue nguo za kazi kabla ya kuingia ndani, anawe mikono na uso kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto au kula. Sisi watu wa udhu hatushindwi na hilo. Nguo zile zisifuliwe pamoja na nepi za mtoto.

Mawe ya radio yaliyokwisha msiwape watoto wayapasue, na walimu wetu wanaotumia unga wake mweusi kupaka ubao wasiwatume wanafunzi kuuponda kwa mikono. Mafundi wa telefoni, mnayeyusha bati mbele ya pua siku nzima: fungueni dirisha, na mtoto mdogo asikae chini ya meza yenu. Na mzazi ambaye nyumba yake imekuwa mahali pa batri, na mtoto ana tumbo lisilopona au degedege bila homa, amwambie daktari waziwazi kazi inayofanyika nyumbani. Daktari asipoambiwa atatibu malaria.

Kamati ya msikiti imekubali kutenga mahali nyuma ya stoo, penye saruji na paa, mbali na kisima na madrasa. Kila mwenye batri iliyokufa ailete hapo ikiwa nzima, baada ya sala ya Alasiri siku ya Jumapili. Zikifika nyingi zitauzwa kwa pamoja, na kila mtu atapata chake kwa kadiri ya uzito. Asiyetaka chake kitaingia mfuko wa mayatima. Vijana wa mitraille wanaalikwa hasa, kwa sababu kupima na kupakia ni kazi yao na watalipwa.

Ee Mwenyezi Mungu, warehemu watoto wa Thiaroye na uwape wazazi wao subira. Wape vijana wetu riziki ya halali isiyo na sumu. Wafunulie wagonjwa wetu sababu ya maradhi yao, na uwaponye. Amina.

Kumbuka: karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Usiitupe chini wala usifungie karanga. Ukimaliza kusoma mpe jirani, hasa fundi.